Jamaa nzima melini: Siku saba katika Bahari ya Karibi

WENGI wetu tukisikia habari za likizo ya melini huwawazia wazee matajiri kutoka Ulaya wanaoteremka pale Kilindini wakiwa wamevaa kofia za ukindu na kamera zikining'inia shingoni. Picha hiyo si ya kweli tena, hasa upande wa Bahari ya Karibi. Huko meli za starehe hujaa jamaa za kawaida: baba, mama, watoto, nyanya na wajukuu. Miongoni mwao wamo Wakenya wanaoishi Marekani, ambao huwaita wazazi wao kutoka nyumbani ili wakutane na wajukuu wasiowajua ila kwa picha.

Hivyo ndivyo tulivyojikuta watu tisa katika meli moja wakati wa likizo ya Aprili. Kulikuwa na mama yetu, mwenye umri wa miaka 72, mzaliwa wa Kilifi. Kaka yangu anayeishi jimbo la Georgia, mkewe na watoto wao watatu. Kisha mimi, mwenzangu na kijana wetu wa miaka minane.

Kaka alikuwa na sababu nzito ya kuchagua meli. Marekani si kijijini. Yeye na mkewe hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na watoto hushinda shuleni. Alijua kwamba mama angekaa kwake majuma matatu akiwa peke yake na televisheni, kisha arudi Kenya bila kuzungumza na wajukuu wake lolote la maana. Melini hakuna mtu wa kwenda kazini wala mahali pa kukimbilia. Kwa hivyo swali tulilokwenda nalo halikuwa kama bahari inapendeza. Swali lilikuwa je, nyanya na wajukuu wasio na lugha moja wataweza kuwa jamaa moja katika siku saba?

Nitalijibu swali hilo baadaye. Kwanza, msomaji, hebu tuzungumzie namna safari hizi zinavyoendeshwa, maana asiyejua utaratibu wake hulipa mara mbili.

MIAMI, LANGO LA KARIBI

Biashara hii kama tunavyoijua sasa ilianza kushika kasi mwezi wa Desemba 1966, wakati meli iitwayo Sunward ilipoanza kubeba watalii kutoka Miami hadi Nassau, mji mkuu wa Bahamas. Kabla ya hapo meli kubwa za abiria zilikuwa chombo cha kumfikisha mtu aendako. Ndege zilipowanyang'anya abiria hao, wenye meli waligeuza mambo: meli yenyewe ikawa ndiyo hoteli, na safari yenyewe ndiyo burudani.

Leo meli hizo zimekuwa kama miji. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha 20. Inaweza kubeba abiria hadi 7,600, mbali na wafanyakazi wapatao 2,350. Si lazima upande jitu kama hilo. Meli ndogo kidogo ina foleni fupi, na mzee hachoki kutembea kutoka chumbani hadi mezani.

Utashangaa kuona kwamba meli nyingi zinazong'oa nanga Marekani hupeperusha bendera ya Bahamas, Panama au Bermuda. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za kigeni kuchukua abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine bila kupitia nchi ya kigeni. Ndiyo sababu hata safari fupi ya siku tatu lazima itie nanga angaa mahali pamoja nje ya Marekani, na mara nyingi mahali hapo ni Nassau.

STAKABADHI KWANZA

Kwa Mkenya, jambo hilo la kutoka na kurudi ndilo la kuangaliwa kwa makini zaidi. Meli ikifika Nassau umetoka Marekani. Ikirudi Miami unaingia upya. Kwa hivyo viza yako ya Marekani iwe ni ile ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu anaweza kujikuta nje ya mlango uliokwisha fungwa.

Wanafunzi wetu walioko vyuoni huko nao wasipande meli kabla ya kuonana na ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni ili fomu zao zitiwe sahihi ya ruhusa ya kusafiri. Wasiige marafiki zao Wamarekani ambao, kwa safari inayoanzia na kuishia bandari moja ya Marekani, huruhusiwa kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Sisi ni paspoti tu.

Kila kisiwa pia kina masharti yake. Andika orodha ya bandari zote ambazo meli itapitia na uulize kuhusu kila moja, hata kama huna nia ya kuteremka. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo na visiwa kadhaa vya Karibi huidai kadi hiyo kwa wasafiri watokao nchi kama yetu. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo huhesabiwa kuwa ya maisha, kwa hivyo kadi ya zamani usiitupe.

Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenziwe abebe barua ya idhini kutoka kwa mzazi wa pili, iliyotiwa muhuri na wakili. Mtoto mchanga asiyetimiza miezi sita kwa kawaida hakubaliwi, na kwa safari zenye siku nyingi za bahari kuu hutakiwa awe ametimiza mwaka. Mja mzito aliyefikia majuma 24 naye hukataliwa.

Jambo jingine: fika katika mji wa bandari siku moja kabla. Tangu Oktoba 2018 ipo ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, lakini kutoka hapo bado una safari nyingine ya ndege hadi Florida. Ndege ikichelewa, meli haikungoji.

CHUMBA, PLAGI NA MIZIGO

Vyumba vya meli ni vya namna tatu kwa jumla: vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha, na vyenye roshani. Cha ndani ndicho cha bei nafuu, na kwa watoto wanaoshinda nje mchana kutwa kinatosha kabisa. Mzee mpe dirisha. Mama yetu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kutazama bahari, na kwake dirisha lile lilikuwa nusu ya safari.

Anayechafukwa na roho baharini achague chumba kilicho katikati ya meli na sitaha ya chini, kwani huko meli hutikisika kidogo zaidi. Kichefuchefu kikianza, toka nje uangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Tafuna tangawizi, na usikae na tumbo tupu. Dawa za kichefuchefu zipo, lakini mwulize daktari kabla ya kumpa mtoto au mzee anayetumia dawa nyingine.

Plagi zetu za vidole vitatu hazina nafasi huko. Vyumbani utakuta matundu ya Kimarekani ya vidole bapa, na mara nyingi ya Kizungu ya vidole vya mviringo. Beba kigeuzi. Pasi na birika za umeme huchukuliwa mlangoni kwa kuhofia moto.

Mizigo mikubwa hupokelewa gatini na huweza kukufikia chumbani jioni. Kwa hivyo katika mkoba wa mkononi tia paspoti, dawa, na nguo za kuogelea za watoto. Watoto wetu walikuwa bwawani dakika ishirini baada ya kupanda, huku wenzao wakilia kando wakingoja masanduku.

PESA HUTOKA KIMYA KIMYA

Nauli hulipia chumba, chakula cha kumbi kuu, mabwawa na maonyesho ya jioni. Usidhani kwamba imelipia kila kitu. Soda, vileo, mikahawa maalumu, picha, intaneti na ziara za nchi kavu zina bei yake. Kisha ipo bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi huikata zenyewe kila siku kwa kila kichwa, watoto wakiwemo. Kwa kawaida huwa kama dola 16 hadi 20. Fanya hesabu: jamaa ya watu sita kwa siku saba, kwa dola 16, ni dola 672. Iweke pesa hiyo kando tangu nyumbani.

Tena melini hakuna noti. Kadi ya chumba ndiyo ufunguo na ndiyo mkoba. Mtoto akigundua kwamba kadi hiyo inatoa mchezo wa mashine na sharubati yenye mwavuli juu yake, utajua siku ya mwisho ulipokuwa unaishi. Nenda katika ofisi ya huduma siku ya kwanza uombe kadi za watoto zisiruhusiwe kununua chochote, nawe upitie hesabu yako kila jioni.

Simu nayo iwekwe katika hali ya ndegeni mara tu meli inapoacha gati. Minara ya melini hutumia setilaiti, na gharama yake yaweza kumtoa mtu machozi. Kaka yangu alikataa katakata kununua intaneti ya watoto. Siku ya kwanza walinuna kama waliofiwa. Lakini uamuzi huo ndio uliobadilisha mambo, kama tutakavyoona.

USALAMA NA AFYA

Kabla ya meli kuondoka, kila abiria huonyeshwa kituo chake cha kukusanyikia hatari itokeapo, na jinsi ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Ishara ni honi fupi saba na moja ndefu. Wapo wanaoliona zoezi hili kama usumbufu. Wakumbuke Costa Concordia, iliyogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa Januari 13, 2012. Watu 32 walikufa, na baadhi ya abiria hawakuwa wamepata zoezi lolote. Baada ya msiba huo kanuni za kimataifa zilikazwa ili zoezi lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Watembeze watoto kutoka chumbani hadi kituoni kwa miguu, mara mbili, mpaka waijue njia bila wewe.

Viti vya roshani visogezwe mbali na ukingo, na mlango ufungwe komeo watoto wakilala. Bwawani usimtegemee mlinzi. Mlinzi wa mtoto ni mzazi wake. Wale ambao bado wanavaa nepi hawaruhusiwi katika mabwawa ya kawaida, na sababu ni ya kiafya.

Ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoletwa na virusi vya noro huenea upesi penye watu wengi. Kinga yake ni kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Ile dawa ya kupaka mikononi haiui virusi hivyo sawasawa. Marekani ilianzisha mpango wa kukagua usafi wa meli mwaka 1975, na meli hupewa alama kati ya mia. Iliyopata 85 au chini huhesabiwa kuwa imeanguka. Matokeo hutangazwa kwa umma, na ni jambo la busara kuyatazama kabla ya kulipa.

NASSAU: VIDATO VYA WATUMWA

Bandari yetu ya kwanza ilikuwa Nassau. Wanafunzi watakumbuka kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Miaka sita kabla ya hapo, Oktoba 12, 1492, Christopher Columbus alifika katika kimojawapo cha visiwa hivi vya Bahamas. Wote wawili walikuwa wakitafuta njia ya Bara Hindi; mmoja alizunguka Afrika, mwingine akaikosa njia kabisa.

Magari ya Nassau hupita kushoto kama ya kwetu, na dola ya Bahamas ni sawa na ya Marekani, kwa hivyo hakuna haja ya kubadilisha pesa. Wengi hukimbilia ufukoni. Sisi tulitembea kutoka gatini hadi Queen's Staircase, ngazi ya mawe iliyochongwa katika jabali la chokaa kuelekea ngome ya Fincastle. Yasemekana ilichongwa na watumwa wapatao 600 mnamo 1793 na 1794, kwa mashoka na mikono mitupu. Ukisimama chini, kuta za mwamba zimekuinukia pande zote mbili na kuna baridi ya kupendeza.

Mama alipanda polepole, akipumzika kila vidato kumi. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka 12, aliyekuwa hajasema naye zaidi ya maneno matatu, alirudi chini akamshika mkono. Juu kabisa mama aliuliza hao watumwa walitoka wapi. Mwongozaji akajibu kwamba walitoka Afrika. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, "Basi hii ni kazi ya watu wetu. Mwambieni huyu mtoto ajue." Kaka akamtafsiria bintiye. Jioni mezani msichana yule alikuwa na maswali mengi kuliko chakula.

Kutoka Nassau meli ilishika njia ya kusini, ikapita usiku katika mlango wa bahari ulio kati ya Cuba na Haiti. Haiti wasomaji wengi waliisikia kwa mara ya kwanza polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince mwezi wa Juni 2024. Inafaa kuwaambia watoto jambo jingine pia kuihusu nchi hiyo: ilipata uhuru mwaka 1804, baada ya watumwa wenyewe kushika silaha na kulishinda jeshi la Ufaransa.

JAMAICA: SHELISHELI NA MCHICHA

Siku ya nne tulitia nanga Falmouth, kaskazini mwa Jamaica. Mji huu ulianzishwa mwaka 1769 na ulitajirika kwa sukari na watumwa. Gati lake la kisasa lilifunguliwa mwaka 2011 na limezungukwa na ua wenye maduka ya vito na fulana. Ukibaki ndani ya ua huo utakuwa hujafika Jamaica. Vuka lango, tembea hatua mia chache, utakuta mji wenyewe, nyumba za kale, na akina mama wakiuza vyakula.

Hapo ndipo mama alipopiga kelele. Aliona mti wenye majani makubwa yaliyochanika na matunda ya kijani yenye miba laini. "Shelisheli!" Wale tuliolelewa pwani twalijua tunda hilo, likikaangwa au kupikwa kwa tui. Jamaica waliletewa shelisheli na nahodha William Bligh mwaka 1793, kutoka visiwa vya bahari ya Pasifiki, liwe chakula rahisi cha watumwa. Wao hulichoma motoni. Muuzaji alimpa mama kipande akionje, na mama akamweleza kwa ishara jinsi tunavyolipika kwetu. Hawakuwa na lugha moja, lakini walielewana kwa sufuria na kijiko.

Mambo hayakuishia hapo. Kile wanachokiita callaloo ni mchicha. Wali wao wa maharagwe hupikwa kwa nazi, na ukiula ukiwa umefumba macho utadhani uko Kaloleni. Muhogo upo, miwa ipo, samaki wa chumvi yupo. Watoto wa kaka, ambao nyumbani husukuma sahani ya mchicha kando, waliumaliza wote kwa sababu nyanya alisema ni chakula cha kwao.

Alasiri vijana walikwenda kukwea maporomoko ya Dunn's River karibu na Ocho Rios. Maji hayo hushuka kwa ngazi za asili kiasi cha mita 180 hadi baharini, nanyi hupanda mkiwa mmeshikana mikono kama mnyororo. Vaeni viatu vya mpira visivyoteleza, na wazee wabaki ufukoni. Ocho Rios imo katika wilaya ya St Ann, alikozaliwa Marcus Garvey mwaka 1887 na Bob Marley mwaka 1945.

Tahadhari kuhusu saa. Kuanzia Machi hadi Novemba Marekani husogeza saa zake mbele, lakini Jamaica haisogezi. Meli yetu ilifuata saa ya Miami, na simu za mkononi zikajigeuza zenyewe kufuata ya Jamaica, ambayo iko nyuma kwa saa nzima. Jioni ile tulisimama kwenye ukingo wa sitaha tukamwona bwana mmoja na mkewe wakikimbia gatini, mifuko ya ununuzi ikiwapiga magotini, huku kamba za meli zikiwa zimekwisha funguliwa. Meli iliondoka. Aliyeachwa hutafuta ndege kwa gharama zake hadi bandari inayofuata, ikiwa ana paspoti mfukoni. Kwa hivyo vaa saa ya mkono, ilinganishe na ya meli, na rudi angaa saa moja kabla ya muda uliowekwa. Ukienda na ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe, meli itawangoja mkichelewa. Ukienda na teksi yako, shauri yako.

SIKU ILIYOTUPONYOKA

Siku ya tano tulitarajia kuona kisiwa cha Grand Cayman. Hakina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Asubuhi hiyo mawimbi yalikuwa makubwa na nahodha akatangaza kwamba hatungeshuka. Watu wengine waligombana na wahudumu kana kwamba wao ndio waliouchafua upepo. Ni vizuri kujua mapema kwamba nahodha ana haki ya kuiruka bandari kwa ajili ya usalama, na kwamba kwa kawaida utarudishiwa ada ya bandari na pesa za ziara ulizonunua melini, si nauli.

Siku hiyo tulioiona imepotea ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Watoto hawakuwa na simu, mabwawa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya upepo, na mvua ilikuwa ikipiga madirishani. Mama aliwaita chumbani kwake, akaketi kitandani na leso yake kiunoni, akasema, "Paukwa!" Hakuna aliyejibu. Kijana wangu, ambaye ndiye pekee aliyejua, akajibu, "Pakawa!" Baada ya robo saa wote wanne walikuwa wakijibu. Akawatolea hadithi za sungura na fisi, kijana wangu akitafsiri, akikosea, nao wakicheka. Kisha wakaingia katika vitendawili. Mdogo kabisa, wa miaka mitano, alijifunza kusema "Tega!" na hakulisahau neno hilo mpaka Miami.

Siku iliyofuata huko Cozumel, Mexico, walikuwa wakigombania nani atembee na nyanya. Kila asubuhi waligonga mlango wake kusema shikamoo, naye akiitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiingojea siku nyingi.

MAJIRA NA LIKIZO ZETU

Likizo za shule za Kenya huangukia Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Msimu wa tufani katika Karibi huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni kati ya Agosti na Oktoba. Julai 1, 2024, tufani iliyoitwa Beryl iliiharibu Carriacou, na Oktoba 28, 2025, tufani Melissa iliipiga magharibi mwa Jamaica kwa nguvu za daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa. Meli zenyewe huzikwepa tufani kwa kubadilisha njia, lakini ndege yako huweza kufutwa na visiwa ulivyovilipia usivione. Agosti basi si mwezi mzuri, hata bei zikiwa za kuvutia. Desemba hali ya hewa ni nzuri, ila juma la Krismasi ndilo ghali kuliko yote. Aprili, hasa baada ya Pasaka, ndiyo inayotufaa zaidi.

Kata bima inayogharimia matibabu na kuondolewa melini kwa dharura. Daktari yupo melini, lakini hulipwa kama wa hospitali za watu binafsi. Wenye masharti ya chakula, iwe ni nyama ya halali, kisukari au mzio wa njugu, waijulishe kampuni majuma kadhaa kabla ya safari, kisha wamkumbushe mhudumu wa meza usiku wa kwanza. Mpangilio wa meza moja na mhudumu mmoja kila jioni ni bora kwa jamaa kubwa, maana angaa mara moja kwa siku mnaonana nyote. Mhudumu wetu alikuwa Mfilipino. Kufikia siku ya tatu alikuwa akimletea mama maji ya moto na tangawizi bila kuulizwa.

JE, INAFAA?

Si jambo rahisi kumshauri mzazi wa mshahara wa kawaida atumie pesa nyingi namna hii. Ikiwa unachotaka ni mchanga mweupe na maji ya samawati, panda gari la moshi uende Diani au Watamu, na masalio yalipie karo. Mwenyezi Mungu hakuinyima Kenya bahari.

Lakini kwa jamaa zilizotawanyika, yaani sisi huku na wao kule, hesabu ni tofauti. Wengi wetu hutumia pesa nyingi zaidi kusafirisha watu kwenye mazishi kuliko tunavyotumia kuwakutanisha wakiwa hai. Kaka alilipia sehemu kubwa ya safari hii kwa kuweka akiba kwa miaka miwili, nasi tukachanga tulichoweza. Alisema kwamba hakutaka watoto wake wamjue nyanya yao kwa mara ya kwanza kupitia picha iliyowekwa juu ya jeneza.

Anayefikiria safari ya namna hii aanze mapema, mwaka mzima kabla, kwa kushughulikia viza. Achague meli kwa kuzingatia magoti ya mzee na wala si urefu wa mtelezo wa maji. Awakataze watoto intaneti, au awape saa moja tu kwa siku. Na katika kila bandari atoke nje ya ua wa maduka, awaonyeshe watoto walau jambo moja linalowaunganisha na huko walikotoka. Katika Karibi mambo hayo hayatafutwi kwa tochi.

Mama alirudi Kilifi na sanduku dogo la zawadi na kitabu kimoja cha mazoezi. Ndani yake mjukuu wake wa miaka 12 aliandika majina ya watoto wote wa ukoo, kama alivyotajiwa, vizazi vinne kwenda nyuma. Nakala nyingine anayo yeye, Georgia. Kila Jumapili jioni, saa za kwetu, simu ya mama hulia, na sauti ya kitoto huanza kwa kusema shikamoo nyanya, kitendawili!